Aktini, mikrotubuli au nyuzi za kati: uingie kwenye kiunzi cha seli kwa mlango upi?

Wanafunzi wa biolojia ninaowafundisha hapa Lamu, pamoja na wale waliokwisha kwenda vyuoni na ambao hunipigia simu wanapokwama, hufika kwenye njia panda moja. Wameshajua kwamba seli ya mnyama si kifuko cha maji chenye kiini kinachoelea katikati, bali ina kiunzi cha ndani kinachoipa umbo, kinachoisukuma na kinachobeba mizigo yake. Wameshasoma pia kwamba kiunzi hicho kimeundwa kwa nyuzi za aina tatu. Kisha hutakiwa wachague aina moja ya kuichimba, ama kwa kazi ya mradi, ama kwa somo watakalolifundisha, ama kwa sababu tu muda wa kuzisoma zote kwa kina haupo. Ulinganisho huu ni kwa ajili yao.

Neno kiunzi nimelichagua kwa makusudi. Huku kwetu chombo huundwa, na anayefika Matondoni, kijiji hapa kisiwani, akakuta jahazi ambalo halijakamilishwa mbao zake huona kwa macho yake mkuku na mataruma yatakayoshikilia kila kitu. Mfano huo unafaa, lakini una mpaka wake: mataruma yakishapigwa misumari hukaa miaka, ilhali kiunzi cha seli hubomolewa na kuundwa upya muda wote, tena chombo kikiwa safarini.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, na ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha habari yote, ni kwamba nyuzi zenyewe ni nusu tu ya kiunzi. Nusu ya pili ni protini nyingine zinazoamua uzi uanzie wapi, uote tawi au unyooke, ubanwe na wenzake au ukatwe. Protini hizo nitaziita mafundi. Anayejua nyuzi bila kuwajua mafundi wake ni sawa na aliyehesabu mbao zilizolundikwa ufukweni akadhani ameliona jahazi.

Vigezo nilivyovitumia

Kila aina nimeipima kwa mambo sita yaleyale: kipande chake cha msingi na unene wa uzi, mwelekeo, yaani kama uzi una mbele na nyuma, mafundi wanaoupanga, kasi yake ya kuundwa na kubomoka, maradhi na dawa zinazohusika nao, na mwisho, kitu ambacho mtu anaweza kukiona hapa kisiwani bila maabara kubwa. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kigezo cha mafundi nitakikalia zaidi, na cha mwisho nimekiweka kwa sababu mwanafunzi asiyegusa kitu chochote husahau upesi.

Aktini

Kipande cha msingi ni protini moja ndogo yenye amino asidi 375. Ilitambuliwa mwaka 1942 na mtafiti Straub, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Szeged, Hungaria. Vipande hivi hushikana vikawa uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi, mfano wa shanga za nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ili kupata picha ya udogo huo, fikiria kwamba ingehitajika kupanga kiasi cha nyuzi 10,000 ubavu kwa ubavu kuenea upana wa unywele mmoja.

Uzi wa aktini una mwelekeo. Ncha zake mbili hazilingani, kwa kuwa moja hukua haraka kuliko nyingine. Kila kipande huja kikiwa kimebeba ATP, sarafu ya nguvu ya seli, na baada ya muda mfupi ATP hiyo huvunjwa ikawa ADP. Kwa njia hiyo seli hutofautisha sehemu mpya ya uzi na sehemu kuukuu, na uzi unaweza kuongezwa mbele huku ukipunguzwa nyuma, urefu usibadilike na hali kila kipande kimehama.

Kwa mafundi, hakuna aina iliyo tajiri kuliko hii. Fundi aitwaye formini hukaa kwenye ncha inayokua na kuongeza vipande mfululizo, na matokeo yake ni nyuzi ndefu zilizonyooka. Fundi mwingine, Arp2/3, ambaye ni mkusanyiko wa protini 7, hujipachika ubavuni mwa uzi uliokwisha kuwapo na kuotesha tawi kwa pembe ya digrii 70 hivi. Aktini ni ileile, ila ukiwaita formini unapata vidole vyembamba vinavyopapasa njia mbele ya seli, na ukiwaita Arp2/3 unapata ukingo mpana uliojaa matawi, unaousukuma utando wa seli kwenda mbele. Kisha wapo wafungaji. Fimbrini hubana nyuzi karibu mno kiasi kwamba miosini, protini inayozivuta nyuzi za aktini, haipati nafasi ya kupenya, ilhali alfa-aktinini huziacha mbalimbali kidogo, miosini ikaingia na kuzivuta. Filamini nayo huzikutanisha nyuzi zinazopishana zikawa wavu. Mvuvi anayeshona jarife analifahamu jambo hili bila kuambiwa: uzi unaweza kuwa mmoja, lakini fundo ndilo linaloamua ukubwa wa macho ya wavu na samaki atakayenaswa. Kofilini hukatakata nyuzi kuukuu, profilini huvileta vipande vikiwa tayari kutumika tena, na protini za kufunika huziba ncha zisizotakiwa kuendelea kukua.

Chembe nyekundu ya damu inaonyesha umuhimu wa mpangilio huo kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua. Ina upana wa maikromita 8 hivi, nayo hupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, mara nyingi kupita kiasi, kwa siku 120, na kila ikitoka hurudia umbo lake. Siri yake ni vijiti vifupi vya aktini vilivyounganishwa na protini ndefu iitwayo spektrini, vikawa wavu chini ya utando. Spektrini ikiwa na kasoro ya kurithi, chembe hupoteza umbo lake ikawa ya duara au ya yai, na mtu anaweza kupungukiwa damu.

Kasi yake ni ya sekunde na dakika. Bakteria aitwaye Listeria ameigeuza kasi hiyo kuwa chombo chake: akiingia ndani ya seli humlazimisha Arp2/3 kumjengea mkia wa aktini nyuma yake, naye husukumwa na mkia huo mpaka kwenye seli ya jirani.

Kwa upande wa dawa, aktini ni mlango mwembamba. Aktini ya binadamu na ya hamira zinafanana kwa sehemu kubwa mno, kwa hiyo sumu inayoishambulia hushambulia karibu kila seli. Faloidini, inayotoka kwenye uyoga wenye sumu kali, na latrunkulini, iliyopatikana kwenye sponji wa Bahari ya Shamu, hutumika maabara kuzitia nyuzi rangi au kuzivunja. Hazimezwi na mgonjwa.

Cha kuona kipo sokoni. Mshike changu aliyetoka kwenye mtego alfajiri: analegea mkononi, mkia unaning'inia. Rudi saa chache baadaye umshike yuleyule, utamkuta amekakamaa kama ubao, na ukimwinua kwa kichwa mwili mzima unafuata. Ndani ya misuli yake vichwa vya miosini vimeishika aktini, na vinahitaji ATP ili viiachie. Samaki amekufa, ATP imekwisha, basi vimebaki vimeshika hivyohivyo. Atalegea tena baadaye, vimeng'enya vitakapokuwa vimeanza kuzimeng'enya protini za misuli. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi, na bado hushangaa kwamba kitu chenye unene wa nanomita 7 kinaweza kuhisiwa kwa kiganja cha mkono.

Aktini inamfaa anayeulizia mwendo: jinsi kidonda kinavyofunga, jinsi seli nyeupe ya damu inavyomkimbilia adui, jinsi msuli unavyojikaza. Haimfai sana anayetaka picha nyepesi kwa siku mbili, kwani mafundi wake ni wengi mno na majina yao humchosha mgeni kabla hajauona uzi wenyewe.

Mikrotubuli

Hapa kipande cha msingi ni jozi ya protini mbili, alfa-tubulini na beta-tubulini, yenye urefu wa nanomita 8. Jozi hupangana kwa safu, na kwa kawaida safu 13 huungana zikawa mrija wenye upana wa nanomita 25 na uwazi katikati. Uwazi huo si bure, kwa maana mrija ni mgumu kupinda mara mamia kuliko uzi wa aktini, kama mwanzi ulivyo mgumu kuliko ujiti wenye uzito uleule.

Mwelekeo ndio fahari yake. Katika seli nyingi ncha ya nyuma hukaa karibu na kiini, kwenye kituo kiitwacho sentrosomu, na ncha ya mbele huelekea nje. Juu ya mirija hiyo hutembea protini mbili za kubeba mizigo. Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985, karibu daima huelekea ncha ya mbele, na dainini, iliyopewa jina na Ian Gibbons mwaka 1965, huelekea ncha ya nyuma. Kinesini ina miguu miwili na hupiga hatua za nanomita 8, yaani urefu wa jozi moja ya tubulini, na kila hatua huigharimu ATP moja. Inafanana na hamali anayepita juu ya ubao mwembamba kutoka jahazini mpaka gatini akiwa na gunia mabegani, isipokuwa hamali huyu hawezi kugeuka. Mzigo wa kurudi lazima uchukuliwe na mwingine. Seli ya neva inayoanzia chini ya mgongo na kufika kidole cha mguu ina mkia wa kama mita moja. Mizigo ya haraka husafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo kitu kilichotengenezwa leo mgongoni hufika kidoleni baada ya siku tatu hadi tano.

Mafundi wa mikrotubuli ni wachache kuliko wa aktini lakini kazi zao ziko wazi zaidi, na kwa mgeni hilo ni faida. Gamma-tubulini hujipanga kama pete kwenye sentrosomu na kuwa kiolezo cha mrija mpya. Katika seli za neva, tau na MAP2 huishikilia mirija na pia huamua nafasi kati ya mmoja na mwingine: tau huiacha karibukaribu, MAP2 huiweka mbali. Katanini, iliyopewa jina la upanga wa Kijapani, huikata. EB1 hukaa kwenye ncha inayokua tu, na ncha ikiacha kukua huondoka.

Kasi yake ina tabia ya pekee iliyoelezwa na watafiti Mitchison na Kirschner mwaka 1984. Mrija hukua taratibu, kisha ghafla huporomoka, kisha huenda ukaanza tena. Sababu ni kwamba jozi mpya hubeba GTP, ndugu yake ATP, na kuwa kama kofia inayoushikilia mrija. Kofia hiyo ikipotea, safu hufunguka na kujikunja kwenda nje. Hilo laonekana kama ubadhirifu, lakini ndivyo seli inayogawanyika inavyozitafuta kromosomu zake: mirija hurushwa huku na huku, inayokosa huporomoka na inayogusa hubakia.

Katika maradhi na dawa, hakuna mlango mpana kuliko huu. Albendazoli, dawa ya minyoo wanayopewa watoto shuleni, huishika beta-tubulini ya minyoo kwa nguvu kuliko inavyoishika yetu, na mnyoo aliyekosa mikrotubuli hushindwa kufyonza chakula. Kolchisini hutumika kwa jongo. Vinkristini hutoka kwenye mmea ambao asili yake ni Madagaska na ambao hupandwa kama ua katika bustani nyingi za pwani yetu, wenye petali tano za waridi au nyeupe. Huizuia tubulini isiungane, nayo hutibu saratani ya damu ya watoto. Paklitakseli, iliyopatikana kwanza kwenye magome ya mti wa Marekani, hufanya kinyume, kwa kuigandisha mirija isibomoke. Njia ni mbili na matokeo ni mamoja, kwa kuwa seli ya saratani hushindwa kugawanyika. Wagonjwa wa vinkristini huweza kufa ganzi vidole vya mikono na miguu, na aliyesoma habari ya mizigo ya neva ataelewa kwa nini ni vidole vinavyotangulia. Nasisitiza kwa kila mwanafunzi kwamba ua hilo lina sumu na halitafunwi wala kuchemshwa nyumbani.

Cha kuona kiko mikokoni. Maji yakikupwa, chukua chaza mmoja kwenye mizizi ya mkoko, umfungue kwa uangalifu, ukate kipande cha tamvua kisichozidi punje ya mchele, ukiweke kwenye kioo pamoja na tone la maji ya bahari na ukifunike. Hadubini ya kawaida ya shule, kwa ukuzaji wa mara 400 na mwanga ukiwa umepunguzwa, itakuonyesha ukingo unaotikisika kama ukili wa mkeka unaopepewa. Hizo ni silia, na vumbi lolote lililo karibu nazo hupokewa na kusukumwa upande mmoja bila kukoma. Ndani ya kila usilia kuna jozi 9 za mikrotubuli kandokando na mikrotubuli 2 katikati, na ni dainini inayoiteleza jozi moja juu ya nyingine. Mpangilio huohuo umo kwenye koo zetu, ukipandisha makohozi. Siku ya kwanza nilipowaonyesha wanafunzi, somo liliisha na kengele ikalia, lakini hakuna aliyetaka kuondoka mezani.

Mlango huu unamfaa mwanafunzi wa uuguzi, utabibu au famasia, pamoja na yeyote anayetaka kanuni chache zilizo wazi. Udhaifu wake ni kwamba humzoesha mtu kuidhania seli kuwa mji wa barabara tu, akasahau kwamba ina ngozi inayosukuma na mwili unaovutwa.

Nyuzi za kati

Zimeitwa hivyo kwa sababu ya unene wake wa nanomita 10, kati ya hizo mbili. Hapa hakuna kipande kimoja kwa seli zote. Binadamu ana jeni zipatazo 70 za jamii hii: keratini kwenye ngozi, desmini kwenye misuli, vimentini kwenye seli za tishu unganishi, na lamini ndani ya kiini. Kila kipande ni kama unyuzi mrefu. Viwili husokotana, jozi mbili hulala ubavu kwa ubavu zikielekeana kinyume, na vifungu vinane vya namna hiyo huwa kamba moja. Aliyepata kuona kumbi za nazi zikifukuliwa matopeni, zikapondwa na usumba wake ukasokotwa, ameshauona mpango huu. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ulishonwa kwa kamba za jinsi hiyo bila misumari, na ulistahimili mawimbi kwa sababu ulikubali kunyumbuka.

Kwa kuwa jozi huelekeana kinyume, uzi hauna mbele wala nyuma, na hivyo hakuna protini inayoweza kutembea juu yake. Hautumii ATP wala GTP kujiunda. Mafundi wake nao ni wachache: plektini huufunga kwenye aktini na mikrotubuli, na kwenye vifungo viitwavyo desmosomu nyuzi za seli moja hutiwa nanga mahali ambapo seli ya jirani nayo imetia zake. Seli inapotaka kuubomoa, vimeng'enya huupachika fosfeti. Ndivyo lamini zinavyoachana kiini kinapofunguka wakati wa kugawanyika.

Kasi ni ndogo, na nguvu ndiyo sifa. Uzi mmoja unaweza kuvutwa zaidi ya mara tatu ya urefu wake kabla ya kukatika. Maradhi yanaieleza sifa hiyo kwa uchungu: mtoto aliyerithi kasoro kwenye keratini ya 5 au ya 14 hupata malengelenge kwa msuguano mdogo tu wa nguo au kiatu, kwa maana seli za tabaka la chini la ngozi yake hupasuka. Kasoro fulani ya jeni ya lamini huleta ugonjwa unaomzeesha mtoto kabla ya wakati. Dawa za kuzielekea nyuzi hizi moja kwa moja ni haba.

Cha kuona unacho mwenyewe: nywele, kucha, na kwato za punda wanaopita vichochoroni. Tahadhari moja nimeona inahitajika, kwamba manyoya ya kuku na gamba la ng'amba hutegemea zaidi protini ya jamii nyingine, ingawa nayo huitwa keratini. Na nzi wa matunda hana nyuzi za kati nje ya kiini, ana lamini tu. Kwa hiyo usichukue mfano wowote wa mnyama ukadhani utakufaa.

Naona aina hii hudharauliwa bila haki kwa sababu haitembei. Inamfaa anayeulizia uimara wa ngozi, misuli na kiini, na pia mwenye muda mfupi, kwani habari yake inasomeka ikaisha.

Uchague kwa hali gani

Mwalimu mwenye kipindi kimoja na hadubini moja aanze na mikrotubuli: chaza mezani, kisha kidonge cha minyoo kama mfano wa pili. Asiye na hadubini kabisa atapata zaidi kwa aktini, kwa samaki wawili waliovuliwa kwa nyakati tofauti, mradi asiingie kwenye majina ya mafundi zaidi ya formini, Arp2/3 na miosini.

Anayejiandaa kwa kazi ya wodini asome mikrotubuli kwanza kwa ajili ya dawa, halafu keratini kwa ajili ya ngozi, na aiache aktini mpaka atakapofika kwenye moyo na damu. Anayetamani utafiti, na ana miaka mbele yake, asiogope wingi wa mafundi wa aktini; maswali ya jinsi protini chache zinavyoweza kujenga umbo lililo sahihi mahali palipo sahihi bado yanafanyiwa kazi huko kila siku. Mzazi au ndugu anayemlea mtoto mwenye ngozi ya malengelenge hana haja ya kupitia zile mbili: aende moja kwa moja kwenye keratini na desmosomu, na maelezo ya daktari yatamwingia kwa urahisi.

Na mwanafunzi ambaye amesoma mpaka hapa na bado amekwama kati ya mbili, achukue seli inayogawanyika kuwa mradi wake. Humo mikrotubuli huzitenganisha kromosomu, lamini hukifungua kiini, na pete ya aktini na miosini huibana seli katikati mpaka zikawa mbili. Achore hatua moja tu kati ya hizo, aandike pembeni majina ya mafundi waliopo, na atakayejikuta anamrudia mara kwa mara ndiye aanze naye.